Asiyekuwepo na Lake Halipo: Kiswahili katika Programu Huria

Mwezi wa Novemba 2023 watunzi wa programu za kompyuta kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Unguja, katika mkutano wa Afrika wa jumuiya ya Django. Mwezi wa Agosti 2025 jumuiya hiyo ilikutana tena, safari hii mjini Arusha. Django ni chombo cha kujengea tovuti, nacho kimeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Python. Vyote viwili ni programu huria. Yaani maandishi yake yako wazi, na mtu yeyote duniani ana haki ya kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kuyatafsiri bila ya kuomba ruhusa wala kulipa ada.

Tunaupongeza uamuzi wa kuileta mikutano hiyo Afrika Mashariki. Lakini liko jambo ambalo pongezi haziwezi kulifunika. Unguja ndiko ilikotoka lahaja iliyofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu. Arusha ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wakuu wake walikubali mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Hata hivyo ratiba za mikutano yote miwili zilichapishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikaachiwa barazani na sokoni.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu watunzi wa programu peke yao. Twaandika kwa sababu twaona watu wa namna mbili wanaohitajiana lakini hawajakutana: jumuiya za programu huria kwa upande mmoja, na walimu wa Kiswahili kwa upande wa pili. Tena twadai kwamba katika jambo hili mwalimu wa Kiswahili si mwombaji. Yeye ndiye mwenye elimu inayokosekana. Msomaji atupe nafasi tulithibitishe dai hilo, kwa maana wako wengi watakaolicheka.

Wa kwanza kucheka ni wale wasemao kwamba kompyuta haijui ila Kiingereza. Hoja hii husemwa kwa kujiamini sana na watu ambao hawajaitazama. Kompyuta haijui Kiingereza wala Kiganda wala Kichina. Hujua tarakimu tu. Kilichoko ni kwamba waliotunga lugha za programu walichagua maneno machache ya Kiingereza kuwa alama za amri. Machache kiasi gani? Python, lugha iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, ina maneno 35 yaliyohifadhiwa kwa kazi hiyo. Thelathini na matano, basi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukutana na maneno mageni mengi kuliko hayo katika majuma mawili ya somo la kemia, na hakuna asemaye kwamba kwa sababu hiyo kemia haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili.

Ukiyatoa maneno hayo 35, kinachobaki katika programu ni lugha ya binadamu: majina ambayo mtunzi huyapa mambo anayoyahesabu, maelezo anayowaachia wenzake, ujumbe anaomwandikia mtumiaji, mwongozo wa kujifunzia, na mijadala ya kuamua lipi lirekebishwe. Hakuna sheria ya mashine inayomkataza mtunzi wa Kampala kuita kiasi fulani karo, kingine salio na kingine jumla. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi zile zile zilizokubaliwa na Python tangu siku yake ya kwanza.

Tuwatazame Wajapani. Lugha ya programu iitwayo Ruby ilitolewa mwaka 1995 na Yukihiro Matsumoto. Maneno yake ya amri ni ya Kiingereza, lakini kwa miaka ya mwanzo watu wake walijadiliana, wakafundishana na kugombana kwa Kijapani. Kitabu cha Kiingereza kilichoieneza katika nchi za Magharibi kilitoka mwaka 2000, na mwaka 2004 Mdenmaki David Heinemeier Hansson akatoa chombo maarufu cha kujengea tovuti kilichosimama juu ya Ruby. Basi wageni ndio waliofuata elimu iliyozaliwa kwa Kijapani. Wajapani hawakuacha kujifunza Kiingereza. Walichokataa ni kufikiri kwa kuazima. Nasi hatusemi kijana wa Uganda aache Kiingereza. Twasema kwamba lugha ya pili ya kusomea haimwondolei mtu haki ya kuelewa kwa ile anayoielewa.

Wa pili kucheka ni wale wasemao kwamba Kiswahili hakina kwao nchini Uganda. Kwamba ni lugha ya askari na ya amri. Historia haiwaungi mkono. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha lugha, ilikuwa na makao yake hapa hapa Makerere kuanzia 1952 hadi 1962. Kampala ilikuwa nyumba ya Kiswahili kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Ama kuhusu amri, hatukatai kwamba tangu siku za jeshi la KAR watu wengi wa Uganda wamekisikia Kiswahili kikitoka katika kinywa cha mwenye bunduki, na uchungu wa jambo hilo haujesha. Lakini nini programu ya kompyuta ila mfululizo wa amri? Ikiwa lugha hii ilitosha kuwaamrisha wanadamu, ambao hukaidi, haitashindwa kuiamrisha mashine, ambayo haikaidi. Na hatuoni njia bora ya kuisafisha lugha na sifa ya kuogopesha kuliko kuipa kazi ya kuelimisha na kurahisisha.

Wa tatu, nao wamo ndani ya nyumba yetu, ni wale wasemao kwamba istilahi bado hazijakamilika, kwa hiyo tungoje. Hawa ndio tunaotaka kupambana nao hasa. Kwa miaka mingi tumesikia malumbano juu ya jina la chombo chenyewe: je, ni kompyuta, ni tarakilishi, au ni ngamizi? Kenya wana lao, Tanzania wana lao, na Uganda tumekaa katikati kama watoto wa wazazi wanaogombana. Kamusi za kompyuta zimetungwa na orodha za maneno zimechapishwa. Hatuzidharau kazi hizo. Lakini twasema wazi kwamba istilahi si tatizo kubwa la Kiswahili katika kompyuta. Tatizo kubwa ni sarufi, na sarufi haimo katika orodha ya maneno.

Tutoe mfano. Katika Django, mtumiaji akifuta kitu, programu humwandikia ujumbe wa kumwarifu kwamba kitu hicho kimefutwa. Mtunzi wa ujumbe hajui ni kitu gani kitakachofutwa. Kwa hiyo huacha pengo la kutia jina la kitu chochote, kisha hufuatisha kitenzi. Kwa Kiingereza mpango huu hauna taabu, kwa sababu kitenzi cha Kiingereza hakijali kama kilichofutwa ni mtu, mti au barua. Kiswahili hujali. Kitabu kimefutwa, mwanafunzi amefutwa, barua imefutwa, jina limefutwa, ukurasa umefutwa, kurasa zimefutwa, maelezo yamefutwa. Mfasiri aliyepewa pengo na kitenzi kimoja hana budi kuchagua kiambishi kimoja. Akichagua «imefutwa», basi siku moja mashine itaandika: «Kitabu imefutwa.» Siku nyingine itaandika: «Mwanafunzi imefutwa.»

Walimu wenzetu wataitambua lugha hiyo mara moja. Ndiyo lugha ambayo wanafunzi wetu wa Uganda huchekwa kwayo wafikapo Mombasa au Tanga. Tunatumia miaka minne darasani kuiondoa, kwa kalamu nyekundu na subira, kisha mashine iliyoko ofisini inamrudishia mwanafunzi kila siku, kwa herufi safi zilizopigwa chapa, kana kwamba ndiyo sahihi. Mtoto atamwamini nani? Kalamu yetu itashindana vipi na kioo cha kompyuta?

Sasa tazama namna mtu ajuaye ngeli anavyolimaliza tatizo hilo. Badala ya kukifanya kitu kilichofutwa kuwa kiima cha sentensi, afanye kitenzi-jina kuwa kiima: «Kufuta kitabu kumekamilika.» «Kufuta barua kumekamilika.» «Kufuta kurasa kumekamilika.» Upatanisho sasa ni wa «kufuta», nao haubadiliki, hata pengo likitiwa jina la ngeli yoyote. Vivyo hivyo, mahali ambapo programu hutaka kusema ni vitu vingapi vilivyochaguliwa kati ya vyote, tusihangaike kati ya «vimechaguliwa», «wamechaguliwa» na «zimechaguliwa». Tuandike: «Idadi iliyochaguliwa: 3 kati ya 10.» Kiima ni «idadi», na idadi ni moja daima.

Hii si elimu ya kompyuta. Ni sarufi ya kidato cha pili. Lakini mtunzi wa programu mwenye shahada yake hatalifikia suluhisho hilo kwa urahisi, kwa sababu hajafundishwa kuitazama sentensi ya Kiswahili kama mwalimu aitazamavyo. Naye mwalimu alifikiaye mara moja hajui kwamba kuna mtu anayelihitaji. Huko ndiko kukosana njia tunakokusema.

Mifano haiishi hapo. Ulimwengu wa kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, nasi huhesabu kuanzia magharibi na mapambazuko. Katika sehemu ya Django ya kuchagulia wakati, mojawapo ya nyakati zilizowekwa tayari ni saa ile tuiitayo saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwa Kiingereza huandikwa kwa tarakimu 6. Mfasiri wa haraka haraka ataandika «saa 6 asubuhi», na msomaji wa Kiswahili atabaki akijiuliza, kwa kuwa saa sita kwetu ni ya mchana au ya usiku, haiwi ya asubuhi. Mchezo huu si wa kuchekesha panapohusika miadi ya hospitali. Katika vituo vya afya vya Uganda hutumika programu iitwayo UgandaEMR, iliyojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS, ambayo historia yake ilianza mwaka 2004 na imefungamana na kazi za afya za Eldoret nchini Kenya. Programu za namna hii hutunza habari za wagonjwa na siku zao za kurudi. Kosa la saa sita katika kitabu cha hadithi hufutwa kwa raba. Katika daftari la dawa huweza kumgharimu mtu safari nzima kutoka kijijini, au zaidi ya safari.

Au tuitazame ritifaa. Katika Python, alama hiyo ndogo hutumiwa kufungulia na kufungia maandishi. Mtunzi asiyekuwa mwangalifu akiandika ng'ombe kati ya alama mbili za namna hiyo, mashine hudhani kwamba maandishi yamekwisha baada ya herufi ya pili, kisha hulalamika. Wengi huepa taabu kwa kuandika «ngombe». Dawa ipo na ni rahisi, kwa maana Python hukubali pia alama za kunukuu zenye vistari viwili. Lakini anayepaswa kudai kwamba sauti ya ng' isimezwe na ile ya ng ni nani, kama si mwalimu wa lugha? Wakazi wa Ng'ambo ya Unguja hawatapenda kuandikwa «Ngambo» kwa sababu ya uvivu wa mtu mmoja.

Pengine msomaji atauliza: je, watu wa programu huria watakubali kuibadili mipango yao kwa ajili ya ngeli zetu? Jibu limo katika mambo waliyokwisha kuyafanya. Utaratibu wa tafsiri unaotumiwa na programu huria nyingi, uitwao gettext, huzipa lugha nafasi tofauti za umoja na wingi. Kijapani kimepewa nafasi 1, Kiswahili 2, Kipolandi 3, na Kiarabu 6, kwa sababu Kiarabu kina umoja, kina uwili, na wingi wake hubadilika kwa kufuata hesabu. Nafasi hizo sita hazikuanguka kutoka mbinguni. Walikuwako watu waliosema: lugha yetu haiendi hivyo, na hivi ndivyo iendavyo. Mwaka 2019 Mozilla, watunzi wa Firefox, walitoa toleo la kwanza kamili la utaratibu mwingine, Fluent, unaomwezesha mfasiri kuandika sifa za kisarufi za baadhi ya majina na kulichagua umbo la sentensi kwa kufuata sifa hizo. Mlango uko wazi kwa ngeli kuingia. Lakini wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Anayedhani wageni watakaa mezani wazizungumzie ngeli za Kiswahili kwa niaba yetu, anangoja mvua chini ya paa.

Yako mambo ya kujifunza katika yaliyopita. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya heshima, nayo ilithibitisha kwamba jambo linawezekana. Lakini programu haikai ilivyo kama kitabu kilichokwisha chapwa. Kila mwaka huongezwa sehemu mpya na ujumbe mpya. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, likazaliwa tawi la LibreOffice. Kwa hiyo tafsiri ni mfano wa shamba: haitoshi kulilima mara moja na kupiga picha siku ya uzinduzi, lisipopaliliwa kila msimu hurudi kuwa pori. Mradi wa wafadhili una tarehe ya mwisho. Jumuiya haina.

Kampuni ya Microsoft nayo iliwahi kutoa uso wa Kiswahili wa Windows XP. Hatuidharau kazi ile. Lakini maandishi yake yalikuwa ya kampuni. Mwalimu wa Masaka aliyeona kosa la upatanisho hakuwa na mkono wa kulifikia, na kampuni ilipoacha kuihudumia Windows XP mwaka 2014, programu ile ilikwenda na uso wake. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa. Katika programu huria, kosa lililoonekana Masaka asubuhi laweza kurekebishwa na yule yule aliyeliona, na jina lake likaandikwa katika kumbukumbu ya kazi. Haki hiyo ni kubwa. Lakini haki isiyotumiwa haina tofauti na haki iliyonyimwa.

Wengine hutuambia: kwa nini Kiswahili? Uganda ina lugha zake. Hawa twawajibu kwa heshima, kwa sababu hoja yao ina uzito. Mwaka 2004 huo huo, vijana wa kujitolea wa hapa Uganda waliitafsiri programu ya Mozilla ya kuvinjari intaneti katika Luganda, bila ya kungoja baraza wala bajeti. Tunawasifu, nasi tungependa walimu wa Kiswahili wawe na ushujaa kama wao. Lakini zingatia: Luganda ina ngeli. Runyankole ina ngeli. Lusoga na Runyoro vile vile. Pengo linaloivunja sentensi ya Kiswahili laivunja na ya Luganda. Nafasi itakayopatikana katika programu kwa ajili ya upatanisho wa Kiswahili itakuwa nafasi ya lugha zote za Kibantu, kutoka Kampala hadi Cape. Katika kazi hii Kiswahili si mshindani wa Luganda. Ni ndugu mkubwa anayekwenda kudai urithi wa familia nzima.

Wako pia wasemao kwamba siku hizi mashine zenyewe hutafsiri, basi ya nini kujisumbua? Mashine hizo hujifunza kutokana na maandishi yaliyoandikwa na watu. Zikiona mara nyingi «kitabu imefutwa», zitajifunza «kitabu imefutwa», na kumfundisha mwingine. Palipo na maandishi machache ya lugha fulani, kila kosa huwa na sauti kubwa. Wale wanaojitolea sauti zao kwa Kiswahili na kwa Luganda katika mradi wa Common Voice wa Mozilla wamelielewa jambo hili: mashine hula inacholishwa. Badala ya kutuondolea kazi, mashine za kutafsiri zimeifanya kazi yetu kuwa ya haraka zaidi.

Tena tuseme neno kwa watunzi wa programu, ambao wengi wao ni vijana wetu. Mnakipenda Kiswahili panapohitajika jina. Chombo kilichotungwa Kenya mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, ili raia watoe habari za mambo waliyoyaona, kiliitwa Ushahidi, nacho kimetumika katika nchi nyingi. Jina ni zuri, na kazi yake ilikuwa njema. Lakini lugha haiishi kwa kubatiza majina. Ni sawa na mtu anayeitwa mlangoni apige hodi kwa niaba ya wageni, kisha wageni wakaribishwe ndani naye aachwe nje. Mwongozo wa Python umewekewa utaratibu rasmi wa tafsiri tangu mwaka 2017. Kifaransa, Kijapani, Kikorea, Kihispania na Kituruki zimo katika orodha ya lugha ambazo msomaji huchagua. Hadi mwaka 2025 Kiswahili hakikuwamo. Na katika Django, ambamo Kiswahili kimo kwa miaka zaidi ya kumi, kazi hiyo yahitaji macho ya watu wajuao sarufi.

Kwa nini twalisema hili Uganda, na kwa nini sasa? Kwa sababu sheria imekwisha kututangulia. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mtaala wa madaraja ya chini ya sekondari ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini mtoto huuliza swali ambalo Baraza la Mawaziri haliwezi kumjibu: nitakitumia wapi? Tukimjibu kwamba atakitumia katika mtihani, tumekiua. Somo la kompyuta nalo, katika madaraja hayo hayo, ni la kuchagua, na wengi hulikimbia kwa kudhani ni la wajuao Kiingereza sana. Hapa pana masomo mawili, kila moja likiwa na kilema ambacho jingine laweza kukitibu. Mtoto anayesahihisha upatanisho wa ujumbe mmoja katika programu itumiwayo duniani amejifunza ngeli kwa sababu, na amejifunza kompyuta bila ya hofu.

Kwa hiyo twatoa mapendekezo manne, nayo si ya gharama.

Kwanza, chama chetu kiunde kikundi kidogo cha walimu wa sarufi na watunzi wa programu wachache, kikae pamoja na kuipitia tafsiri ya Kiswahili ya Django, ujumbe baada ya ujumbe. Kisianze na programu kumi. Kianze na moja, na kisiiache.

Pili, wakufunzi wa vyuo vya ualimu wawape wanafunzi wao zoezi la kurekebisha ujumbe wa programu huria, mahali pa baadhi ya yale mazoezi ya sentensi zisizo na mwenyewe tunazozitunga ubaoni na kuzifuta kabla ya kengele.

Tatu, wanaoandaa mikutano ya programu katika nchi zetu waweke walau kikao kimoja cha Kiswahili na meza moja ya tafsiri, wawaalike walimu. Watashangaa ni matatizo mangapi yao yatakayotatuliwa na mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa Python.

Nne, mabaraza na taasisi za lugha, pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, ziache kutupa orodha za maneno matupu. Zitupe miongozo ya sentensi: namna ya kuarifu, ya kuonya, ya kuuliza na ya kutaja saa, ambayo itasimama hata ngeli ikibadilika. Mjadala wa tarakilishi na kompyuta uendelee, kwa wanaoupenda, baada ya saa za kazi.

Katika hazina ya taarifa za lugha iitwayo CLDR, itumiwayo na kompyuta na simu nyingi duniani, Kiswahili cha Uganda kina alama yake: sw-UG. Imeandikwa kando ya alama za Tanzania, Kenya na Kongo. Waliotuandika humo hawakuuliza kama Kiswahili chetu ni cha askari au cha mwambao. Wametuwekea kiti. Walimu wa Kiswahili wa Uganda, twendeni tukakalie kiti hicho, na kalamu zetu nyekundu mkononi.